Viza ya Dubai ya siku 60: isome kabla hujapanda ndege

Kwenye meseji ninazopokea kuhusu Dubai swali linalojirudia kuliko yote ni hili, "nimetumiwa viza, imeandikwa siku 60, hii ni ya kazi au sio?" Na hapo ndo penye mtego, maana inaweza ikawa ya kazi na inaweza isiwe. Viza ya utalii ya Falme za Kiarabu inatoka ya siku 30 au ya siku 60. Kibali cha kuingia kwa ajili ya ajira nacho kinakupa siku 60, ambazo ni muda wa mwajiri kukukamilishia taratibu mpaka ukaazi wako utoke. Sasa mtu anaona 60, ajenti anamwambia hiyo ni ya kuingilia tu ukishafika inageuzwa ya miaka miwili, anaamini, familia inauza kiwanja, anaondoka. Na maneno hayo ya ajenti yanafanana neno kwa neno na anachoambiwa mtu mwenye kibali halali, ndo maana wanaingia hata watu makini kabisa, waliosoma, wenye ndugu zao hukuhuku Dubai.

Kwahiyo siku usiziangalie kwanza. Karatasi ya viza imeandikwa Kiarabu na Kiingereza, tafuta panapotajwa aina ya viza. Ukikuta Tourist au Visit basi hiyo ni ya kutembea, hata kama aliyekutumia ni bosi wa kampuni mwenyewe. Ya kazi itataja Employment, mdhamini atakuwa kampuni iliyokuajiri, na utakuta kazi unayoendea imeandikwa. Kama umeahidiwa udereva na karatasi inasema mtu wa usafi, hiyo kazi ya usafi ndo serikali inayoitambua, udereva umebaki mdomoni kwa ajenti. Na kama jina la mdhamini ni la mtu binafsi, yaani familia, basi unaenda kufanya kazi za ndani hata kama uliambiwa ni hoteli. Hili la mwisho nalisisitiza kwa ajili ya mabinti, sababu sheria inayowahusu wafanyakazi wa ndani ni nyingine na mazingira ya kazi ni mengine, na ukishafika kwenye nyumba ya watu kuanza kubishana kuhusu hoteli inakuwa shughuli nzito.

Karatasi yenyewe pia inaweza kuwa ya kughushi, usidanganyike na nembo na rangi. Viza iliyotolewa Dubai inahakikiwa kwenye tovuti ya GDRFA, hiyo ndo idara ya uhamiaji ya Dubai, na za Abu Dhabi, Sharjah, Ajman na zile emireti nyingine zinahakikiwa kwa mamlaka ya shirikisho inayoitwa ICP. Unaingiza namba za viza na za pasipoti, kama ipo inatokea. Ni kazi ya dakika chache kwenye simu, na ajenti anayekuambia usihangaike na hayo mambo subiri tu siku ya safari, huyo mkimbie.

Alafu kabla ya viza ya kazi kuna kitu kinatangulia ambacho wengi hawakioni kabisa, barua ya ofa. Kampuni za kawaida zinapitia wizara ya kazi ya huku, MOHRE, na ofa inakuwa kwenye fomu ya wizara yenye namba yake, ina mshahara, ina posho, ina masaa, na wewe unatakiwa uisaini ukiwa bado nyumbani. Mkataba utakaokuja kusaini ukishafika hauruhusiwi kukushusha chini ya kile kilichoko kwenye ofa. Kwa maana hiyo ofa ndo silaha yako, ipige picha, mtumie mama, mtumie kaka, ihifadhi sehemu mbili tatu. Kampuni zilizoko kwenye maeneo huru ya biashara kama Jebel Ali mkataba unapitia mamlaka ya eneo hilo badala ya wizara, hiyo ni kawaida usishtuke, ila bado lazima kuwe na karatasi.

Ukishaingia na kibali cha ajira mambo yanaenda hivi, unapelekwa kupima afya, damu na picha ya kifua, wanatafuta hasa VVU na kifua kikuu, unachukuliwa alama za vidole, unapewa Emirates ID. Tangu 2022 hawabandiki tena stika ya ukaazi kwenye pasipoti, ile kadi ndo ukaazi wako. Ushauri wangu wa dhati kabisa, kapime nyumbani kabla hujatoa hata shilingi, sababu ukikutwa na VVU kwenye vipimo vya huku viza ya kazi haitoki na unarudishwa, na mtu karudi na deni na aibu ambayo wala hakustahili.

Sasa pesa. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, ile namba 33 ya mwaka 2021, ibara ya 6, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumleta na kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa kuzungukazunguka. Viza ya kazi ni gharama ya kampuni. Najua hali halisi, najua watu wanalipa mamilioni na wanalipa kimya kimya sababu wanaogopa nafasi itaenda kwa mwingine, lakini mimi nikisikia mtu anadaiwa pesa kubwa "ya viza ya kazi" naanza kuuliza maswali, sababu mara nyingi pesa ile inanunua viza ya utalii na tiketi, kinachobaki ni cha ajenti. Namfahamu kijana mmoja aliyetoka kwetu na ahadi ya kazi ya ulinzi miaka miwili, kufika pale Deira, mtaa wa hapa Dubai, wanalala watu wanane chumba kimoja, kampuni hakuna, ajenti simu haipatikani, na siku zake za utalii zinahesabika. Inaniuma kwa sababu ile karatasi aliyokuwa nayo mfukoni toka Dar ilikuwa inasema yote, hakuna aliyekaa naye akamsomea.

Je mtu akija na viza ya utalii kwa makusudi, kwa akili yake, kuja kutafuta kazi? Wengi wanafanya hivyo na wapo waliofanikiwa, siwezi kusema haiwezekani. Unazunguka na CV, unaenda intavyuu, kampuni ikikupenda inakuombea kibali na hadhi yako inabadilishwa, wengine wanabadilishiwa humuhumu ndani, wengine wanatoka nje ya nchi na kuingia upya. Ila kufanya kazi yenyewe na viza ya kutembea ni kosa, hata zile siku za majaribio ambazo bosi anakuambia njoo tukuone. Mwaka 2024 walipandisha adhabu, mwajiri anayemfanyisha mtu kazi bila kibali faini yake inaanzia dirham (pesa ya huku) laki moja mpaka milioni moja, na mfanyakazi naye anaweza kurudishwa kwao. Na asipokulipa unaanza kudai ukiwa huna mkataba wowote mkononi. Mwaka huohuo pia ukaguzi wa watalii ulikazwa, abiria wakawa wanaulizwa tiketi ya kurudi, wanakofikia, na pesa ya kujikimu, ilitajwa sana dirham 3,000. Kwahiyo usije na mia mbili mfukoni ukitegemea binamu atakupokea.

Siku zikipita, faini ni dirham 50 kwa kila siku. Dirham imefungwa kwenye dola, dola moja ni dirham 3.6725, kwahiyo hiyo 50 ni kama dola 13.6, piga kwa mwezi ni dirham 1,500, na huna kazi. Kuna msamaha ulitolewa kuanzia Septemba 1 mpaka Desemba 31, 2024, waliozidisha muda wakaruhusiwa kuondoka bila faini wala kufungiwa kurudi, au kurekebisha karatasi zao. Sasa kuna watu wamejikalia wanasubiri mwingine. Msamaha hauna ratiba ndugu zangu, huwezi kupangia maisha kitu ambacho hata serikali yenyewe haijatangaza.

Zipo viza nyingine ambazo watu wetu hawaziulizii kabisa na wapo wanaozistahili. Kuna ya kutafuta kazi yenyewe, kihalali, ya siku 60, 90 au 120, haihitaji mdhamini, lakini lazima uwe na digrii na uwe kwenye ngazi za juu za ujuzi au umehitimu karibuni chuo kilichomo kwenye vyuo 500 bora duniani. Kuna ya utalii ya miaka 5 ya kuingia na kutoka, wanataka salio la benki la dola 4,000 kwa miezi sita ya nyuma, hii wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaokuja Deira na Sharjah kila mara wangeifikiria kwa kweli badala ya kuomba upya kila safari. Anayefanyia kazi kampuni ya nje kwa kompyuta anaweza kupata ya mwaka mmoja kama kipato chake ni dola 3,500 kwa mwezi. Ile ya Green ni ya miaka 5 na haikufungi kwa mwajiri mmoja, kwa mwajiriwa wanataka digrii na mshahara usiopungua dirham 15,000. Golden ya miaka 10 wengi wanaijua kwa wenye nyumba za dirham milioni mbili na kuendelea, japo madaktari na wataalamu wengine nao wanaipata. Na aliye na ukaazi wa kazi anaweza kumleta mke au mume na watoto kama mshahara ni dirham 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba.

Pasipoti, hapa watu wananyamaza sana. Mwajiri haruhusiwi kukaa na pasipoti yako, na wala wa kazi za ndani hamruhusiwi kunyang'anywa, sheria yenu namba 9 ya mwaka 2022 imekataza na imewapa siku moja ya kupumzika kwa wiki na masaa 12 ya mapumziko kwa siku, 8 kati ya hayo yawe mfululizo. Ukionewa usitoroke tu usiku ukajifiche, sababu mwajiri akiripoti umetoroka kazi ukaazi wako unaingia matatani na malalamiko yako yanakosa nguvu. Peleka shauri wizarani kwanza, au fika ubalozini. Ila kama unapigwa au maisha yako yapo hatarini toka, piga 999 hao ni polisi, karatasi zitafuata baadae.

Kwa aliyeko nyumbani anaesubiri safari, Tanzania kaulize TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama huyo wakala ana leseni ya kupeleka watu nje, Kenya mamlaka ya ajira, NEA, ina orodha ya maajenti waliosajiliwa, Uganda ni wizara ya jinsia na kazi. Nenda na jina la kampuni kamili sio jina la mtu wa WhatsApp. Na ukiwa na karatasi ya viza huielewi nitumie niisome, ila ziba kwanza namba ya pasipoti na tarehe ya kuzaliwa, acha pale penye aina ya viza, mdhamini na kazi.