Jinsi nilivyotumia mvuke kuondoa chembe laini za moshi hewani

Moshi wa udi una chembe ambazo nyingi hazifiki kipenyo cha mikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na hizo ndizo zilizonishinda kwa muda mrefu. Kitambaa nilichokikunja mara nne kilizuia masizi makubwa, na kuipitisha hewa majini kwa mapovu kulisaidia kidogo tu, kwa sababu chembe ya karibu mikromita 0.3 ni nyepesi mno kujigonga ukutani hewa inapokata kona, na papo hapo ni kubwa mno kutangatanga kama molekuli ya gesi hadi iguse kitu. Nimekulia katika jiko la kuni, na chembe za namna hiyo ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu, hivyo sikuwa tayari kuziacha.

Mimi ni fundi wa maabara ya shule ya sekondari mjini Mbeya. Nilitoboa ndoo ya plastiki yenye kifuniko, nikaingizia moshi kwa feni ndogo ya kompyuta upande mmoja na mvuke wa birika kwa mpira upande wa pili, kisha mchanganyiko huo nikaupitisha ndani ya bomba la shaba lililozungushwa kama springi na kuzamishwa katika maji baridi. Mwisho wa bomba niliweka kihisi cha mwanga cha kupimia vumbi.

Siku ya kwanza kihisi kilionyesha kwamba hewa iliyotoka ilikuwa chafu kuliko iliyoingia. Nilihangaika siku mbili kabla ya kutambua kwamba kilikuwa kinahesabu matone ya ukungu, kwani mvuke ukipoa hujikusanya juu ya chembe za moshi na kuzinenepesha, na kifaa cha mwanga hakitofautishi tone na vumbi. Dawa yake ilikuwa kuikausha hewa kwa punje za jeli ya silika kabla ya kuipima. Kwa kuwa punje hizo nazo hunasa chembe kadhaa, nililazimika kuupitisha humo hata moshi usiosafishwa, ili vipimo vyote viwili vilingane kwa haki. Anayetaka kujaribu kazi hii asiiruke hatua hiyo, maana bila hiyo hakuna namba inayoaminika.

Mwanzoni nilidhani mvuke unauosha moshi kama mvua. Kumbe kazi kubwa hufanyika ukutani. Mvuke unapogeuka maji kwenye shaba baridi, mvuke mwingine hukimbilia hapo kuziba pengo, na mwendo huo, unaoitwa mkondo wa Stefan kwa jina la mwanafizikia Josef Stefan, huzibeba chembe hadi zikaguse ukuta wenye maji. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba mkondo huo haubagui sana ukubwa, kwa hiyo hata zile za mikromita 0.3 huchukuliwa. Tofauti ya joto nayo huongeza msukumo kuelekea upande wa baridi. Ili kuthibitisha, nililizamisha bomba katika maji yenye joto sawa na la mchanganyiko, na ingawa mvuke ulikuwa uleule, namba haikushuka kwa kiasi cha maana. Niliporudisha maji baridi, ilishuka chini ya nusu.

Kiasi cha mvuke ndicho kinachoamua. Kwa mgandamizo wa hewa wa Mbeya, hewa iliyoshiba mvuke kwenye nyuzi 60 ina karibu robo yake mvuke, na kwenye nyuzi 80 ni zaidi ya nusu, na sehemu ya chembe zinazonaswa hukaribia sehemu ya mvuke unaogeuka maji. Tatizo ni joto: nusu kilo ya mvuke ikigeuka maji hupandisha ndoo ya lita 20 kwa nyuzi 13 hivi, hivyo nilikuwa nikibadilisha maji kila mara. Kuchemsha maji kwa mkaa ili kusafisha moshi wa mkaa hakuna maana, na ndiyo sababu sasa ninajaribu mvuke unaopotea bure kwenye masufuria ya maharage ya bweni.

Maji yaliyodondoka mwisho wa bomba niliyakinga katika chupa. Yana rangi ya chai hafifu, na yananukia udi.