Nilivyonasa mkondo wa SK3 hapa Kisumu kwa tyubu za pikipiki na wavu wa kuku

Kila niliyemwomba ushauri wa kupima umeme wa seli moja alinijibu vilevile: hamia Ulaya, au achana na chaneli za ioni, yaani vijilango vya chembe zenye chaji kwenye utando wa seli, utafute kazi ya malaria kama wenzako. Mmoja alinitumia bei ya meza ya kuzuia mtikisiko. Nilidhani amekosea akanitumia ya Probox. Basi rekodi ninayo, safi kabisa, wacha nijigambe.

SK3 ni protini iliyopenya utando wa seli. Kalsiamu ikipanda ndani, inafunguka na kutoa potasiamu. Watafiti wa Tours, Ufaransa, waligundua kwamba katika seli za saratani ya titi hushirikiana na Orai1, inayoingiza kalsiamu, na ushirika huo husaidia seli kuhama hadi kwenye mifupa. Kilichonivuta mimi ni mafuta. Hizo chaneli mbili hukutana kwenye sehemu za utando zenye kolesteroli nyingi, na lipidi (aina ya mafuta) moja iitwayo Ohmline ikijipenyeza hapo, zinaachana. Yaani huzibi mlango, unavuruga ukuta ulioshika fremu.

Kupima mkondo wa chaneli namna hii kulianzishwa na Neher na Sakmann, waliopata Nobel mwaka 1991. Unagusisha seli ncha ya mrija wa kioo, yaani pipeti, yenye upana wa mikroni moja hivi, unafyonza kidogo kwa mdomo, na kioo kinashikana na utando hadi ukinzani unapita gigaomu moja, yaani omu bilioni moja. Mikondo yenyewe huhesabiwa kwa pikoampea, ampea moja iliyogawanywa mara trilioni. Lori la Busia likipita nje, kwaheri seli.

Kuna aliyenishauri niweke hadubini juu ya godoro la sponji. Loo! Lilibonyea upande mmoja polepole, kwa hiyo kila nilipokaribia kushika seli, ncha ilikuwa imeshahama. Nikaenda kwa fundi wa jua kali pale Kibuye na kipande cha graniti kilichobaki kwenye kaunta ya jikoni ya mtu.

"Pole sana, Madam. Tuandike jina la nani?"

Nilipomweleza kwamba si la kaburi alicheka, kisha akanipa akili ambayo hakuna profesa aliyenipa: tyubu za pikipiki za kuweka chini ya graniti zisijazwe. Upepo ukijaa zinakuwa ngumu na kupitisha kila mtikisiko. Ziwe laini, graniti ielee. Vyote pamoja, na fremu ya chuma aliyonichomelea, sidhani vilifika elfu kumi na tano. Ile fremu niliivika wavu wa kuku pande zote, uzuie kelele ya umeme wa nje isiingie kwenye rekodi.

Bado ikabaki kelele ya stima ya hezi 50 kwenye skrini. Fundi mmoja mwenye vyeti alisisitiza kila kifaa kiwe na waya wake wa athi hadi ukutani. Kelele ikaongezeka! Athi zikiwa nyingi hufanya kitanzi, na kitanzi hunasa kelele kama antena. Nilichomoa kila kitu, nikaunganisha wavu, graniti na hadubini kwenye kipande kimoja cha shaba, na hicho tu kwenye athi ya amplifaya, kifaa kinachokuza ule mkondo mdogo. Nikarudisha kimoja kimoja, macho kwenye skrini. Mchawi wa mwisho alikuwa taa ya hadubini. Sasa inawaka kwa betri ya gari, na wanafunzi wakiingia huniuliza kama ninatengeneza matatu.

Waya wa fedha unaoingia ndani ya pipeti nauloweka kwenye Jik hadi uwe wa kijivu. Msinunue kitu cha bei. Na chujeni maji ya pipeti, tafadhali.

Mkondo ulipotokea sikushangilia upesi. Nilimwaga apamini, sumu itokayo kwa nyuki, ambayo huzuia chaneli za SK, na mstari ukashuka palepale. Hapo nilipiga kelele hadi mlinzi akaja. Shangazi yangu anayeuza omena alipenda zaidi habari ya mafuta. Anataka kuandika kwenye debe lake kwamba omena inaponya saratani. Nimemkataza. Mafuta kwenye sahani ya maabara si samaki kwenye sahani ya ugali.

Sasa niko kwenye lipidi zenyewe, nazo zina kiburi: zinang'ang'ania mirija ya plastiki, seli inapata maji matupu. Natumia kioo popote ninapoweza. Mwenye sirinji za kioo za zamani, hata kama ni za daktari wa mifugo, tuongee bei.