Karata kali, meza imechafuka, na jamaa hatupi kitu

Wengi wakishika karata kali kwenye poka mbele ya mtu anayeingia na chochote, wanafanya moja kati ya mawili: wanapita bila kuweka dau eti wamvute, au wanaweka dau la kutisha ili akimbie. Yote mawili ni kupoteza hela. Asiyetupa karata huna haja ya kumvuta, keshakuja mwenyewe, na kumfukuza ndo kabisa hutaki. Unataka afuate, yaani alipe dau lako abaki mchezoni, ila afuate kwa bei mbaya.

Chukulia Texas Hold'em, poka ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani, una 9 mbili, ya shupaza na ya uru. Karata tatu za kwanza mezani: 9 ya kopa, 8 ya kopa, K ya pau. Una seti (tatu za namba moja, mbili zikiwa mkononi), karata kali kweli, lakini angalia hiyo meza ilivyochafuka, mwenye kopa mbili anasubiri flashi (karata tano za ua moja), mwenye J na 10 anasubiri streti (tano zinazofuatana), mwenye 7 na 6 naye yumo, na jamaa kama huyu anaweza kuwa na yoyote kati ya hizo, au K na 3, au 8 na takataka. Hapo ndo watu wanaogopa, mi naona ndo pa kuchuma, maana karibu kila alichonacho kinamfanya afuate.

Poti, yaani hela zilizoko katikati, ina 10,000. We weka 8,000. Akiwa na kopa mbili, kopa tisa hazijaonekana, ila ile K ya kopa ikitua inakupa wewe fulu hausi (tatu za namba moja na mbili za nyingine, inapiga flashi), kwahiyo zinazomwokoa kweli ni nane kati ya karata 45, asilimia 18 hivi. Analipa 8,000 kuingia kwenye poti itakayofika 26,000, fungu lake halifiki hata 4,700, yaani kila akifuata anakuachia zaidi ya 3,300 tukihesabu karata inayofuata tu. Ukipita unampa hiyo karata bure. Na kama anafuata 5,000 na 8,000 anafuata hivyo hivyo, kwanini uweke 5,000? Mtu wa hivi haangalii bei, anaangalia karata zake mbili tu.

Watu wanamkumbuka Chris Moneymaker kwa blafu yake (kuweka dau la kutisha bila karata) dhidi ya Sam Farha kwenye fainali ya World Series of Poker, Las Vegas 2003, lakini mimi napenda zaidi raundi yao ya mwisho. Mezani J, 5, 4, mbili za shupaza, Moneymaker ana 5 na 4, yaani peya mbili (jozi mbili), Farha (na huyu alikuwa anasifika kwa kucheza karata nyingi) ana J na 10. Farha akaweka dau, Moneymaker akaongeza hapo hapo, hakungoja meza izidi kuchafuka, Farha akaweka hela zake zote. Zawadi ya bingwa, dola milioni 2.5, ikaenda kwa Moneymaker.

Ila karata kali zote hazifanani. Seti ina mlango wa nyuma, kutoka hapo mpaka karata ya tano una karibu theluthi moja ya kupata fulu hausi au zaidi, kwahiyo hata akikupita unaweza kumrudia. Ree mbili mkononi hazina huo mlango. Dhidi ya mtu anayesubiri flashi tu bado unaongoza vizuri, yeye ana kama asilimia 35 kwa karata mbili, lakini akiwa anasubiri flashi na streti ya pande mbili kwa pamoja ana karata 15 za kumwokoa, asilimia 54, yaani yeye ndo anaongoza na wewe unajiona mfalme. Na mkiwa wanne kwenye poti ndo usiseme, kuna mtu ana kitu, ree zako zicheze kwa adabu.

Turudi kwenye zile 9 zako, sasa karata ya nne imetua 4 ya kopa. Hapa sikubaliani na wale wanaosema basi imekwisha. Kama ni mfuataji tu, yule asiyeongeza dau hata siku moja, weka dau dogo, mwenye K bado atalipa, mwenye J na 10 bado anasubiri. Lakini huyo huyo akiongeza, mwamini, asee, mwamini kabisa, hawa hawadanganyi. Halafu hesabu bei: una karata 10 kati ya 46 za kukamilisha fulu hausi au zaidi, asilimia 22 hivi, kwahiyo ikibidi utoe 5,000 na katikati zimeshafika 20,000 inalipa, akiweka zote kwenye poti ndogo tupa. Ukiwa na peya mbili tu tupa mapema zaidi, zinazokuokoa ni nne. Ila kama jamaa ni mpigaji, anayeongeza kila kopa ikitua awe nayo asiwe nayo, hiyo heshima hastahili, fuata mpaka mwisho.

Na kama karata ya nne ni tupu, 2 ya uru, halafu mwisho 3 ya pau, tafadhali usipite. Flashi haikuja, J na 10 zimekufa, aliyebaki ni mwenye K na kitu chake kidogo, na ameshafuata mara mbili. Weka dau kubwa la tatu, atafuata tena.