Jinsi nilivyomfundisha mwanakwaya mwenye disleksia kusoma noti

Kijana wetu wa sauti ya tatu hushika wimbo kwa kuusikia tu, lakini kwa sababu ya disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi, karatasi ya solfa (noti zilizoandikwa kwa herufi) ilikuwa ikimshinda. Herufi f, t na l (yaani fa, ti na la) zilimchanganya, na sauti nne zilizobanana, moja chini ya nyingine, zilimpoteza mstari. Wenzake walimwita mvivu. Uvivu gani, naye ndiye huwahi mazoezini?

Tukaweka karatasi kando, tukaanza na ishara za mikono alizozieneza John Curwen wa Uingereza karne ya 19. Fa, dole gumba huelekea chini. La, mkono unaning'inia. Ti, kidole cha shahada kinaelekea juu. Herufi zile zile zilizomsumbua sasa zilikuwa na maumbo yasiyofanana hata kidogo! Mapigo tulifundishana kwa makofi, bila kuimba.

Kisha nikaiandika sauti yake peke yake, kwa herufi kubwa zenye nafasi, kwenye karatasi ya rangi ya maziwa: fa kijani, la buluu, ti nyekundu. Rangi tumeziondoa mojamoja. Wimbo mpya bado humchukua muda, kwa hiyo nampa karatasi mapema akajisomee nyumbani, na simsimamishi asome mbele ya watu.