Gari yako iko wapi saa hii?

Mwanangu Tito ana miaka 5, yuko PP2, darasa la mwisho la chekechea, na kwa mambo ya moyoni alikuwa na neno moja tu: poa. Unamkuta amejikunyata nyuma ya mlango, machozi yamefika shingoni, unamuuliza kuna nini. "Poa." Mimi mwenyewe sikuwa na zaidi ya mawili, njaa na hasira, kwa hivyo sijui nilitaka arithi nini.

Dadake alipozaliwa, tumbo likaanza kumuuma kila asubuhi, saa ileile ya kuvaa yunifomu. Kliniki tulienda mara mbili. Choo kikapimwa, dawa ya minyoo akanywa, nikatoa mia nane na kitu. Tumbo likaendelea, ila wikendi lilikuwa linapumzika. Mara ya pili muuguzi hata dawa hakuandika. Aliniuliza tu, "Nyumbani mna mgeni?" Nikajibu hapana! Mtoto mchanga sikumhesabu.

Washauri nao hapa mtaani Umoja, Nairobi, hawakosi. Jirani: mchape, huo ni ujeuri. Mjomba wake: mwanamume halii. Mama mkwe: mpe simu, atanyamaza. Na kweli alinyamaza. Siku ya kumnyang'anya ndiyo ploti nzima ilijua.

Nikaona nijifanye msomi. Nikaenda saiba, duka la intaneti, hapo Mutindwa, nikachapishiwa sura 8 za rangi, ya furaha, ya huzuni, ya woga na wenzao, nikazitia plastiki, karibu mia tatu, nikazibandika ukutani. "Tito, leo wewe ni yupi?" Akaonyesha wa hasira, huku anacheka. Kesho yake, wa hasira tena. Siku ya tatu nikamketisha, nikamkazia macho kama mpelelezi: nani amekukasirisha? "Hakuna. Huyu ni mwekundu." Kufikia Ijumaa wote 8 walikuwa na masharubu ya biro, na wa huzuni amevishwa kofia ya makanga wa matatu.

Kofia hiyo ndiyo iliyoniamsha. Mimi ni makanika kwenye gereji za Grogan, na huyu mtoto anazijua nganya, zile matatu za michoro, kuliko anavyozijua herufi. Jioni moja tunaosha vyombo, yeye anasuuza vikombe, nikamuuliza bila hata kugeuka, "Gari yako iko wapi saa hii?"

"Imekwama Donholm."

"Imefanya nini?"

"Kuna mtoto amekalia kiti yangu. Na makanga hataki kumtoa."

Jamani, sufuria nusura inianguke! Wiki sita za tumbo, kumbe ni hapo. Nikamwambia hiyo inaitwa wivu, na hata mimi ulinishika ndugu yangu alipozaliwa. Mama mkwe alinuna. Kwake wivu ni kama tusi, mtoto hafundishwi. Mimi naona heri aseme wivu kuliko aseme tumbo nikalipe tena mia nane.

Sasa tuna lugha yetu. Gari likiishiwa mafuta, amechoka. Likisimamishwa na polisi, kuna kitu kimemtisha, mara nyingi ni mbwa wa getini. Likiwa Thika Road Jumapili asubuhi, hapo usimguse, ana raha zake.

Ila usimuulize akiwa analia. Rejeta ikiwa imechemka, ukifungua kifuniko unaungua wewe. Unazima injini, unangoja. Nami hukaa kando yake kimya, ugali ukiungua na uungue. Tena usimuulize yeye tu kila siku kama karani wa sensa, lako pia litaje. Juzi nilisema langu limeisha mafuta, akaniletea maji kwa kikombe, nusu akayamwaga kwenye goti langu.

Tumbo limetulia, ingawa Jumatatu bado hulijaribu. Na wiki jana mwalimu wake alinipigia simu nikiwa chini ya gari la mtu. "Baba Tito, hongera! Kijana amekataa kuja mbele kusoma, anasema gari imechemka Jogoo Road. Mmenunua lini?"