Namba iliyogongwa kwenye sahani haijui kama umeongeza mdomo

Nilipotaka kubadilisha midomo (pete za nje) ya rimu zangu za pisi tatu, karibu kila fundi aliniambia hivi: "Kaka, ofseti haibadiliki, si imegongwa hapo nyuma ya sahani?" Ofseti ni ile namba inayoonyesha rimu inakaa ndani au nje kiasi gani. Ni kweli imegongwa. Rimu zilitoka Japani zikiwa na kipenyo cha inchi 18 na upana wa 8.5, ofseti +38 kwa milimita, na hiyo 38 inasomeka mpaka leo. Lakini inahusu rimu ilivyotoka kiwandani. Ukishafungua bolti na kupachika mdomo mwingine, namba hiyo haikuhusu tena.

Gari ni Toyota Mark X, toleo la GRX130. Rimu ya pisi tatu ina mdomo wa nje, pipa la ndani linalopita juu ya breki, na sahani ya katikati inayokaa kwenye habu, pale gurudumu linapofungwa kwenye gari. Zangu zilikuwa na mdomo wa inchi 2 na pipa la inchi 6.5. Mimi tamaa ikanishika nikaagiza midomo ya inchi 3, yote minne kwa mpigo, milioni na ushee ukijumlisha usafiri. Jumla ikawa upana wa 9.5.

Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wa sahani unaogusa habu. Ukiongeza inchi moja ya mdomo, yaani milimita 25.4, sahani haisogei. Kinachosogea ni ule mstari wa katikati, unakwenda nje kwa nusu ya nyongeza: 12.7. Kwa hiyo +38 ikawa +25.3. Kuna kundi jingine la washauri, tena hawa wanabishana kwa sauti, waliosema itashuka mpaka +13. Wanachanganya ukingo na ofseti. Ukingo wa nje ndio unaotoka kwa inchi nzima, ofseti inashuka kwa nusu tu.

Ukitaka kujua ukingo umefika wapi, gawa upana kwa mbili, toa ofseti. Rimu ya 8.5 ni milimita 216, nusu yake 108, toa 38, inabaki 70 kutoka uso wa habu kwenda nje. Yenye 9.5 +25 inatoa 95. Ile 8.5 yenye +25 inatoa 83. Umeona? Ofseti ile ile, rimu mbili zinakaa tofauti kwa nusu inchi. Ndiyo maana mtu akiniuliza "+25 inaingia Mark X?" bila kutaja upana, sina jibu la kumpa. Na upana unapimwa pale tairi linapokaa, ndani ya kingo. Ukiweka tepu nje kwa nje utapata zaidi.

Sasa nilivyochemka. Nilifunga midomo ya inchi 3 na matairi ya 225/40R18, nikitegemea tairi livutike, mabega yalale, lipite chini ya fenda. Kwanza, saizi hiyo inaishia rimu yenye upana wa inchi 9. Kwenye 9.5 tairi lilikuwa linapoteza upepo kila nikidumbukia shimo. Pili, kipenyo chake ni milimita 637 wakati matairi ya mwanzo, 235/45, ni 669, hivyo spidomita ikisoma 100 wewe unakwenda 95. Tatu, tairi lilivutika kweli, ila chuma hakivutiki. Ukingo wa rimu yenyewe ndio uliokuwa nje ya fenda.

Hapo ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kuagiza. Chukua uzi, funga nati upande mmoja, ubandike kwa gundi ya karatasi juu ya fenda katikati ya tairi, uning'inie. Gari liwe chini kwenye sakafu iliyo sawa, usukani umenyooka. Pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu. Kwa midomo ya zamani, mbele ukingo ulikuwa ndani ya uzi milimita 9, nyuma 14. Toa 25: mbele nje 16, nyuma nje 11. Uzi wa shilingi mia tano ungeniokolea hela ya kutosha kununua matairi mapya.

Halafu nikajaribu kwa mzigo. Nilipaka chaki ya buluu ukingo wa ndani wa fenda za nyuma, nikaweka mifuko miwili ya saruji kwenye buti na vijana watatu wa gereji kiti cha nyuma, nikapita tuta taratibu, kisha nikakata kona usukani ukiwa umeisha. Chaki inapofutika ndipo panapogusa. Ilifutika kama urefu wa kiganja, penye namba 1 na namba 11 ukilitazama tairi kama uso wa saa, siyo juu kabisa kama nilivyodhani. Kwa hiyo kulaza ukingo wa fenda pale juu tu, kama nilivyoshauriwa, kusingesaidia kitu.

Mmoja akasema tupunguze pipa nusu inchi ili rimu "irudi ndani". Hesabu ikakataa: 9.0 yenye mdomo ule ule inakuwa +19, na ukingo unabaki pale pale kwenye 95. Mdomo unaamua nje, pipa linaamua ndani, kila mmoja na upande wake. Pipa refu linapandisha ofseti, lakini linasogelea shokapu na mikono ya sospensheni. Spesa, kile kipande kinachowekwa kati ya habu na rimu, ndiyo inayosogeza pande zote mbili kwa pamoja.

Nilichoishia: mbele nikarudisha midomo ya inchi 2. Nyuma nikaweka ya 2.5, yaani 9.0 +32, matairi 235/40, ukingo ndani ya fenda kwa milimita moja na kidogo. Kemba ya nyuma, yaani mlalo wa gurudumu, tukaiweka digrii hasi 2, juu ya tairi ikilalia ndani. Kila digrii inavuta juu ya tairi ndani kama milimita 6. Ukingo wa fenda tukaulaza huku tukiupasha joto, maana rangi baridi inapasuka.

Wakati wa kuunga, kwangua silikoni yote ya zamani. Ikibaki hata kipande, rimu itavuja polepole na utamlaumu mwenye matairi. Bolti zangu ni 35 kila rimu, za M7, zinafungwa kwa kuvukana na spana ya kipimo, siyo kwa hasira. Silikoni mpya iache ikauke siku nzima kabla ya kujaza upepo. Moja nilijaza baada ya kusubiri muda wa saa sita tu, ikanibidi niifungue tena bolti zote 35.