Bogenvilia ya ukutani imechanua

Tawi la juu limegeuka zambarau tupu, na mengine yanafuata. Naandika hatua zote sasa, nikiwa bado nazikumbuka.

Nilianza na pingili za sentimita 15 hadi 20, kutoka matawi yaliyoanza kukomaa lakini hayajawa makavu. Nilizikata mshazari chini kidogo ya jicho, nikazipunguza majani, nikazichomeka kivulini kwenye mifuko ya mchanga wenye mboji kidogo. Baadhi zilioza. Zilizopona zilichipua mapema, ila chipukizi si ushahidi wa mizizi, maana pingili huweza kutoa majani kwa akiba iliyo ndani yake. Nilingoja mpaka nikiivuta taratibu inagoma.

Kuhamisha mche ndiyo kazi niliyoifanya kwa uangalifu kuliko zote. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na hukatika upesi, kwa hiyo nilipasua mfuko na kuushusha mche na udongo wake wote bila kuutikisa. Mahali nilipochagua hupata jua la kutosha, saa sita au zaidi kwa siku, na maji hayatuami.

Mche uliposhika, nilianza kuunyima maji. Nachomeka kidole, udongo ukiwa mkavu mpaka chini ndipo namwagilia, tena kwa wingi, kisha naacha. Mbolea yenye naitrojeni nyingi siigusi. Ukishiba maji na naitrojeni, mmea huu hurefusha matawi na kutanua majani. Ukionja kiu, huelekea kwenye maua. Nina ndugu yake, pingili ya mama mmoja, karibu na bomba chini ya kivuli cha paa. Ni mrefu kuliko huu na majani yake ni mapana, ya kijani kibichi cha kupendeza, lakini rangi haina.

Na hiyo rangi yenyewe si petali. Ni majani membamba kama karatasi, kwa kawaida matatu, yanayozunguka vijiua vyeupe vidogo katikati. Ndiyo maana pambo hudumu wiki nyingi. Asili yake ni Amerika Kusini. Mtaalamu wa mimea Mfaransa, Philibert Commerson, aliukuta Rio de Janeiro mwaka 1767, katika msafara wa baharia Bougainville, ambaye mmea umebeba jina lake. Msaidizi wa Commerson alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyesafiri akijifanya mwanamume. Huwa namkumbuka yeye kila ninapoushika mkasi.

Mchanuo huu ukiisha nitapogoa, kwa sababu maua huja kwenye machipukizi mapya. Glavu nene ni lazima. Miiba yake haina huruma. Ule wa kivulini sitauhamisha, mizizi yake imeshatawanyika. Nitaukata pingili na kuzipanda upande wa jua.